Upupu Si Mzaha, Wala Si Uchawi



Kila mwaka mvua zinapokatika na majani yanapoanza kukauka, sisi wauguzi wa huku kwetu tunajua ni wagonjwa gani watakaobisha hodi. Atakuja mama aliyetoka kukata kuni. Atakuja kijana aliyekuwa akichuma kahawa kwenye shamba lililopakana na kichaka. Atakuja mtoto wa shule aliyefanyiwa mzaha na wenzake. Wote wanaingia wakijikuna shingo, mikono na mgongo kama watu waliovamiwa na siafu. Wanaosubiri kwenye benchi huanza kucheka. Nami kwa miaka mingi nimejiuliza: hivi kicheko hiki kinatoka wapi?

Naandika leo kuhusu upupu kwa sababu moja. Naona tunauchukulia kwa namna mbili, na zote mbili si sahihi. Wengine wanaufanya mchezo wa kuchekesha. Wengine, wakishindwa kujua muwasho umetoka wapi, wanaufanya uchawi. Mmea wenyewe hauna kosa. Makosa yetu sisi ndiyo yanayoleta makovu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 1996 nilikuwa muuguzi kijana katika hospitali moja ya misheni. Akaletwa msichana wa darasa la tatu. Wavulana walikuwa wameficha maganda ya upupu kwenye sweta lake. Nilimhurumia, nikachukua kitambaa chenye maji nikamsugua shingo na mikono kwa nguvu, nikidhani namsafisha. Kumbe nilikuwa naupachika upupu ndani zaidi ya ngozi na kuusambaza pale ambapo haukuwapo. Mtoto alilia sana, akajifuta machozi kwa mikono ile ile. Jicho la kulia likavimba. Tulilisafisha baadaye, lakini tulikuwa tumechelewa. Jicho lilipona likiwa na kovu kwenye kioo chake, na kuanzia hapo maandishi ya ubaoni akawa anayaona kama yako ndani ya ukungu. Wavulana wale hawakukusudia hivyo, wala mimi sikukusudia. Lakini jicho halikujali nia zetu.

UPUPU NI NINI?

Upupu ni mmea utambaao wa jamii ya kunde. Hupenda kingo za msitu, mashamba yaliyoachwa, kando ya mito na njia za miguu. Maua yake ni ya zambarau, yananing'inia kwa vichala. Baada ya maua huja maganda yaliyojipinda, yamefunikwa na vinywele laini vya rangi ya kahawia au ya dhahabu kama mahameli. Mtoto asiyeujua huyaona mazuri na kutaka kuyashika.

Uzuri huo ndio wenye hatari. Ganda moja lina maelfu ya vinywele, na kila kimoja ni kama mwiba mdogo sana usioonekana vizuri kwa macho. Ganda likikauka, vinywele huachia kwa kuguswa kidogo tu au kwa upepo. Ndiyo maana shida huwa kubwa wakati wa kiangazi, wakati ule ule ambao watu wa milimani wako kwenye kuchuma kahawa na watu wa kando ya ziwa wanatafuta kuni na miti ya kujengea.

Zamani ilidhaniwa kwamba kinywele huwasha kwa kuchoma tu. Mwaka 1955 wataalamu wawili wa ngozi, Walter Shelley na Robert Arthur, walionyesha kwamba ndani ya vinywele mna protini yenye nguvu ya kukata protini nyingine, wakaipa jina la mukunaini. Mwaka 2008 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba protini hiyo huamsha moja kwa moja mishipa ya fahamu iliyo kwenye ngozi.

Jambo hili lina maana kubwa kwetu majumbani. Muwasho wa upupu kwa sehemu kubwa haupiti njia ile ya mzio tuliyoizoea. Ndiyo maana mtu anameza Piritoni au setirizini, anasinzia, kisha anaamka bado akijikuna. Dawa hizo si mbaya, ila haziwezi kung'oa vinywele. Tiba ya kwanza ya upupu ni kuutoa mwilini.

Jambo la pili: kwa kuwa ile ni protini, moto wa maji yanayochemka huiharibu, kama vile yai linavyobadilika likichemshwa. Tutaona faida yake tukifika kwenye nguo.

UKIGUSWA NA UPUPU

Tafadhali kata ukurasa huu au unakili hatua hizi, ubandike jikoni.

1. Simama, usijikune. Najua ni rahisi kusema. Lakini kila unapokuna unavunja vinywele na kuvisukuma ndani. Mtoto mdogo ashikwe mikono kwa upole.

2. Ondoka pale ulipo, usimame mahali ambapo upepo hautakurudishia vinywele. Vua nguo taratibu bila kuzipitisha usoni. Shati la vifungo lifunguliwe. Fulana ikibidi ikatwe kwa mkasi. Fulana hununuliwa, jicho halinunuliwi.

3. Vinasue vinywele kabla ya kuosha. Chukua utepe wa gundi, ule wa kufungia maboksi au plasta ya hospitali, ubandike juu ya ngozi na kuubandua, kila mara kipande kipya. Kama hakuna utepe, tumia donge la unga wa ngano uliokandwa, au ugali uliopoa wenye kunata. Gandamiza na kuinua, usisugue. Donge lililotumika lifukiwe, wasije kuku au watoto wakalichezea.

4. Ndipo uoshe kwa sabuni na maji mengi ya kumiminika kutoka juu kwenda chini. Acha maji yafanye kazi, kiganja kisisugue. Yule anayesaidia avae glovu au mifuko ya plastiki mikononi.

5. Baada ya hapo weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi. Losheni ya kalamaini inatuliza. Sehemu iliyobaki nyekundu na kuvimba yaweza kupakwa haidrokotizoni ya asilimia 1 kwa siku chache, lakini si machoni na si kwenye kidonda.

6. Ukiingia jichoni, usifikiche. Mimina maji safi taratibu jichoni kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kope zikiwa wazi, kisha njoo hospitali siku hiyo hiyo. Usiweke maziwa ya mama, usiweke chai, usiweke dawa ya macho iliyobaki ya mtu mwingine.

Nguo, kanga na blanketi zilizoguswa zisichanganywe na nyingine. Zilowekwe, zichemshwe, zifuliwe, zianikwe juani na kupigwa pasi. Zile zisizofaa kuchemshwa zifuliwe zaidi ya mara moja kwa maji mengi. Mwaka 1985 huko New Jersey, Marekani, watu walioguswa na maganda ya upupu waliwaambukiza muwasho wahudumu wa gari la wagonjwa na muuguzi aliyewapokea. Hawakuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Vinywele ndivyo vilivyosafiri kwenye mwili na nguo.

VIPI DAWA ZA WAZEE?

Watu wengi huniuliza, wakitazamia nitawadharau wazee. Siwadharau. Bibi zetu walipaka tope, wakaliacha likauke, kisha wakalibandua. Tope likikauka hunasa vinywele na kuondoka navyo, kwa hiyo walikuwa wameshika kanuni ile ile ya utepe wa gundi. Ninachoomba ni kwamba tope lisipakwe penye kidonda au mikwaruzo, kwa maana udongo waweza kuleta pepopunda.

Yafuatayo, kwa upande mwingine, tuyaache kabisa: mafuta ya taa, petroli, maji ya betri, chumvi juu ya ngozi iliyokwisha kukwanguliwa, na kujisugua kwa majani makali eti muwasho utoke kwa muwasho. Nimefunga vidonda vya mafuta ya taa vilivyokaa mwezi mzima, wakati upupu wenyewe ungetulia siku ile ile.

Tuache pia kwenda dukani na kununua krimu yoyote iliyo kwenye kibati kizuri. Nyingi zina dawa kali za jamii ya steroidi. Zikipakwa ovyo hufanya ngozi iwe nyembamba, na usoni kwa mtoto huleta madhara makubwa. Muulize mhudumu wa zahanati kwanza.

NDUGU WA MWEMBE

Mpwa wangu mmoja aliyekwenda kusoma Marekani alinisimulia kwamba huko watu huogopa sana mmea utambaao uitwao poison ivy. Ukiugusa, siku moja au mbili baadaye ngozi hufanya wekundu, huvimba na kutoa malengelenge, nayo hukaa hata majuma mawili au matatu. Akauliza kama kwetu upo. Nikamjibu kwamba huo hatuna, lakini ndugu zake tunao, tena tunawala. Mmea ule ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho.

Nyumba za kando ya ziwa, toka Lituhi kushuka hadi Mbamba Bay, zinajua msimu wa maembe. Mtoto anapanda mwembe, anachuma tunda changa, utomvu unamrukia shavuni, naye analimenya kwa meno. Baada ya siku moja au mbili midomo imevimba na pembe za mdomo zimechubuka. Mama anasema mtoto amepata homa ya mdomo, au amepewa sumu. Kumbe ni utomvu wa ganda. Vivyo hivyo, wanaobangua korosho kienyeji, kama ndugu zetu wa Tunduru, wanajua mafuta ya ganda yanavyobabua vidole, na kwamba moshi wa kuzikaanga haufai kuvutwa.

Hapa mambo ni tofauti na upupu. Upupu huwasha papo hapo. Utomvu huchelewa, kwa kuwa mwili ndio unaoukataa baada ya kuutambua, na si watu wote wanaodhurika. Osha kwa sabuni na maji mara tu utomvu unapokugusa, usingoje uwashe. Osha embe na kulimenya kwa kisu kabla ya kumpa mtoto. Malengelenge yakitokea, maji yake hayaambukizi mtu mwingine, kwa hiyo usimtenge mgonjwa wala sahani yake.

Mwingine wa kuogopwa ni mnyaa tunaoupanda kuwa ua wa nyumba. Maziwa yake yakiingia jichoni huunguza kioo cha jicho, na maumivu huweza kuzidi kadiri saa zinavyokwenda. Anayekata ua wa mnyaa avae miwani au ageuze uso pembeni, na watoto wasikae karibu. Likitokea la kutokea, mimina maji safi kwa nusu saa na uje hospitali bila kungoja kesho.

SI KILA MUWASHO NI MTU

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja mama mmoja na watoto wake watatu, wote wamejikuna mpaka damu. Walikuwa wameteseka kwa siku nne. Kila walipolala, muwasho ulianza upya. Nyumba ilikuwa imekwisha kumpata mwenye kosa: bibi kizee jirani, mjane, ambaye siku moja kabla alikuwa ameingia kuomba moto. Vijana wa ukoo walikuwa wanangoja neno moja tu wakabomoe nyumba yake.

Nilimwuliza mama: mnalalia nini? Akajibu, blanketi. Nikauliza: blanketi lilitumika kwa kazi gani juma lile? Akafikiri, akasema mume wake alilikunja akalifanya kata ya kubebea kuni kutoka msituni. Tukaomba blanketi liletwe. Kwenye mwanga wa dirisha vinywele vilionekana vimejaa. Blanketi likachemshwa, watoto wakalala.

Bibi yule aliponea chupuchupu. Lakini nilijiuliza ni wangapi ambao hawakupata mtu wa kuuliza habari za blanketi. Waliosema kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua walitujua vizuri. Amri ya nane inatukataza kumsingizia jirani, na sijaona mahali iliposema isipokuwa kama unawashwa.

Kwa hiyo, kabla ya kumtaja mtu, familia ijiulize maswali haya. Muwasho ulianza ghafla baada ya kutoka msituni au kuvaa nguo fulani? Fikiria upupu. Nyumba nzima inawashwa usiku, katikati ya vidole, viunoni na matakoni, kwa majuma? Huo huenda ni upele wa wadudu wadogo wanaochimba ngozi, nao hutibiwa kwa watu wote wa nyumba siku moja. Umeamka na mchirizi mwekundu wenye kuunguza, kama umechapwa fimbo, hasa wakati wa mvua? Yawezekana umemponda kwenye ngozi kile kimdudu chembamba chekundu na cheusi kinachofuata taa. Wengi hudhani ni mkanda wa jeshi na kuanza kunong'ona kuhusu hali ya mwenzao. Njooni tuangalie, minong'ono haijawahi kuponya mtu.

NI WAKATI GANI KUJA HOSPITALI?

Njoo haraka kama upupu au utomvu umeingia jichoni, mdomoni au kooni, kama uso unavimba, kama mtu anapumua kwa shida, au kama aliyeguswa ni mtoto mchanga. Njoo pia kama sehemu iliyokunwa inatoa usaha, ina joto, au mgonjwa ana homa. Vidonda vya kujikuna vikiingiwa na vijidudu, vinaweza baadaye kudhuru hata figo. Mtoto ambaye majuma machache baada ya vidonda anavimba uso asubuhi, au anakojoa mkojo wa rangi ya chai, asipelekwe popote ila hospitali.

MAONI YANGU

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya upupu haina gharama ya dawa. Inahitaji panga, jembe na kalenda.

Upupu ukatwe wakati wa maua au maganda yakiwa mabichi, kabla ya vinywele kuachia. Ung'olewe na mizizi, ufukiwe shimoni. Tukingoja hadi Agosti, umekwisha kutoa mbegu na kila mpita njia ni mgonjwa. Wala tusiuchome moto ukiwa mkavu, kwa sababu joto na upepo huvirusha vinywele kwenda kwenye macho ya watu na mifugo. Anayekata avae mikono mirefu, suruali, viatu na kitambaa kichwani, na asimame upande unaotoka upepo.

Ningependa kila serikali ya kijiji, toka huku milimani kwenye ngolo zetu hadi vijiji vya pwani ya ziwa, iweke siku moja ya kufyeka upupu kwenye njia za shule, za maji na za zahanati, mara mvua zinapopungua. Jumuiya ndogo ndogo zetu zinafagia uwanja wa kanisa bila kuitwa mara mbili. Njia anayopita mtoto kwenda shule nayo ni uwanja wetu.

Kwa walimu na wazazi nina ombi gumu zaidi. Mzaha wa upupu shuleni uhesabiwe kuwa ni kumdhuru mtu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu: kijana anayeupaka kwenye dawati la mwenzake hacheki ukiwa kwenye shati lake. Simwombei fimbo. Naomba aelezwe kinachoweza kutokea kwenye jicho, kisha apewe kazi ya kuchemsha na kufua sweta la aliyemdhuru, na kushika panga siku ya kufyeka. Na mzazi asiseme ni utoto tu. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kuna watakaoniambia kwamba nchi ina magonjwa makubwa kuliko kujikuna, na hayo ni kweli. Malaria inaua, upupu kwa kawaida hauui. Lakini mbu hatuwezi kuwamaliza kwa asubuhi moja ya kazi. Mashina ya upupu yaliyo kando ya njia ya shule tunaweza.

Yule msichana wa sweta sasa ni mama mwenye watoto wake. Tulikutana mnadani si muda mrefu uliopita. Alinisalimia, "Shikamoo, sista," akanitambulisha kwa wanawe. Alipotaka kunitazama vizuri aligeuza kichwa kidogo, ili aniangalie kwa jicho la kushoto. Sikujua niseme nini, nikamuuliza habari za nyumbani.

Basi wapendwa, mara maua ya zambarau yatakapoonekana kwenye vichaka karibu nanyi, msingoje. Shikeni mapanga.